Vitumbua vya kwanza haviuzwi

Wiki iliyopita alikuja kijana wa boda ya umeme, akaitua betri juu ya meza yangu kwa hasira kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza, akaniambia fundi hii kitu inavuja. Inavujia wapi? Sijui, wewe ndo fundi, mimi ninachojua zamani nilikuwa natoka Mbagala alfajiri nazunguka mjini mpaka saa tisa ndo natafuta chaji, sasa hivi saa sita tu nasukuma juani na abiria anashuka ananiangalia.

Nikaifungua. Seli zote kavu, hakuna iliyovimba, waya wazima, BMS (ile saketi inayolinda seli) nzima. Nikaichaji mpaka ikajaa, nikaishusha taratibu kwenye kipimo usiku kucha, asubuhi nikakuta imetoa kama theluthi mbili ya ile namba iliyoandikwa kwenye boksi. Theluthi nzima haipo, na hakuna hata tone lililotoka nje, ukiiweka kwenye mzani leo uzito ni ule ule wa siku aliyoinunua. Nikamwambia mdogo wangu haivuji, lithiamu yako yote imo humu humu ndani, ila nyingine imefungiwa na haitoki tena. Akaniangalia kama nimemtukana, ila ni kweli, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza jinsi ya kuieleza hii kitu kwa Kiswahili cha kawaida maana mimi nilijifunza kwa Kiingereza, nikaifanyia kazi Ujerumani miaka miwili, na naiishi hapa Dar kila siku.

Nianzie Tanga basi.

Mama mkubwa wangu alikuwa anapika vitumbua vya kuuza pale Ngamiani. Chuma chake kilikuwa cha matundu saba, kizito, cheusi tii. Kila alfajiri mzunguko wa kwanza ulikuwa wa hasara: anatia mafuta, anamimina, vinaganda, anavichokonoa na kijiti vinatoka vimechanika, nusu kitumbua nusu kimebaki kwenye tundu. Hivyo ndo vilikuwa vyetu watoto, tunavila vya moto tunaunguza midomo. Mzunguko wa pili vinaanza kutoka vizima, wa tatu vinateleza vyenyewe. Nikamuuliza siku moja kwa nini vya kwanza vinaharibika kila siku, akasema, mwanangu, chuma nacho lazima kile kwanza. Na kwa sababu alijua chuma kitakula, jioni akiloweka mchele alikuwa anaongeza kibaba kimoja juu ya hesabu ya wateja wake. Alikiita kibaba cha chuma. Bila hicho kibaba mteja wa mwisho anakuta sinia tupu.

Sasa seli ya lithiamu. Ikitoka kuundwa kiwandani haina chaji kabisa, lithiamu yote imekaa upande mmoja, kwenye kathodi, iwe ni ile ya chuma na fosfeti (LFP, ndo iliyokuwa kwenye betri ya huyu kijana) au ile ya nikeli na kobalti. Upande wa pili ni anodi, mara nyingi ya kinywe, haya madini meusi yanayopatikana Ruangwa na Mahenge, na yenyewe siku hiyo ni tupu. Katikati kuna kitenganishi chembamba kilicholoweshwa elektrolaiti, kile kimiminika ambacho lithiamu inapita ndani yake. Unachomeka chaja kwa mara ya kwanza, lithiamu inaondoka kwenye kathodi inaogelea kwenye elektrolaiti inakwenda kujichomeka katikati ya karatasi za kinywe. Ila hapo kwenye kinywe, kadiri chaji inavyoingia, hali inakuwa kali mno kiasi kwamba hakuna elektrolaiti ya kawaida inayoivumilia. Inavunjika. Mabaki yake yanaganda usoni kwa kinywe, na yakiganda yanaganda na lithiamu ndani yake: lithiamu floridi, lithiamu kaboneti, na uchafu mwingine wa kikaboni ambao hadi leo watu wanagombania majina yake.

Hilo gando mimi naliita ukoko. Kitaalamu ni SEI, jina alilolitoa Emanuel Peled wa Tel Aviv mwaka 1979. Unene wake ni wa kuhesabu kwa nanomita, makumi tu, huuoni kwa macho, lakini ndo kila kitu. Ukishakuwa mnene kiasi, elektroni hazipiti tena, kwa hiyo elektrolaiti inaacha kuvunjika, huku lithiamu yenyewe bado inapenya. Yaani ni chuma kilichokwisha kolea mafuta. Bila ukoko hakuna betri, seli ingejila yenyewe ikaisha mapema sana. Shida ni bei: kwenye kinywe mzunguko wa kwanza unakula kama asilimia 5 mpaka 10 ya lithiamu, na hiyo lithiamu ni ya kathodi, imepimwa na kufungiwa ndani, hakuna duka la jirani la kwenda kuongeza. Ndo maana kiwanda hakikuuzii seli siku ile ile ilipoundwa, wanaichaji na kuishusha taratibu, wanaiacha ikae siku kadhaa, wanapima tena. Zile za pochi, yaani seli bapa zenye ganda laini, zinakuwa na mfuko wa ziada pembeni wa kukusanya gesi inayotoka ukoko unapojijenga, afu mfuko unakatwa na seli inazibwa upya. Kitumbua cha kwanza wamekila wao. Wewe unauziwa kuanzia mzunguko wa tatu.

Kibaba cha chuma kwenye betri kinaitwa priilithiesheni. Mimi nasema kutanguliza lithiamu: unaingiza lithiamu ya ziada kabla, ili ukoko ule hiyo, ile ya kathodi ibaki salama.

Mimi kule Ujerumani nilikuwa natanguliza lithiamu kwenye anodi za silikoni. Silikoni ndo kila mtu anaitaka kwa sababu gramu moja ya kinywe inabeba chaji ya mAh 372 na hapo mwisho wake, gramu ya silikoni inabeba karibu 3600. Mara kumi hivi! Ila ikijaa lithiamu inavimba zaidi ya mara tatu ya ukubwa wake wakati kinywe kinaongezeka kama asilimia 10 tu. Sasa fikiria ukoko mgumu juu ya kitu kinachovimba na kusinyaa hivyo kila siku, unapasuka, silikoni mpya inakuwa uchi, elektrolaiti inavunjika tena, lithiamu inaliwa tena. Mzunguko wa kwanza peke yake silikoni inaweza kula asilimia 20 na zaidi.

Kazi yenyewe inafanyika ndani ya sanduku la kioo lililojaa gesi ya agoni, unaingiza mikono kwenye glavu nyeusi nene za mpira ambazo kila mtu wa maabara amezitumia, ndani mikono inalowa jasho, huwezi kujikuna pua. Lithiamu inakuja kama utepe, laini, unaikata kwa mkasi, ikiwa mpya inang'aa kama sufuria jipya. Nilikuwa nachukua kiduara cha anodi ya silikoni, nadondosha tone la elektrolaiti, nakandamiza kiduara cha lithiamu juu yake na kauzito kadogo, nasubiri. Lithiamu inahama yenyewe bila waya wala chaja, kwa kugusana tu. Dakika chache inatosha, ukizidisha inakuwa balaa.

Siku moja niliweka, nikaangalia saa, nikasema dakika 20, nikaenda kula. Kantini ilikuwa na foleni, nikakutana na Mkenya mmoja wa jengo la jirani, si unajua ukikaa wiki nzima hujasema Kiswahili na mtu mkikutana hamwachani. Nimerudi baada ya saa nzima. Nikaitoa nikaona iko sawa tu, nikafungia seli zangu sita za kitufe, ndogo kama betri za saa, nikazipandisha kwenye mashine. Nne zilikufa mzunguko wa kwanza. Nilichokifanya ni kama daladala iliyojazwa gereji kabla haijafika kituoni, viti vyote vimeshakaliwa, afu abiria halali wa kituo cha kwanza wanapanda na nauli zao mkononi. Wanakaa wapi? Wananing'inia mlangoni. Kwenye seli kuning'inia mlangoni maana yake lithiamu inajipanga juu ya anodi kama metali tupu badala ya kuingia ndani, inaota miiba, mwiba ukitoboa kitenganishi shoti hiyo. Msimamizi wangu hakunigombeza, aliangalia grafu akauliza umekula nini leo.

Kwa hiyo kibaba kinapimwa. Na kiwandani hakuna mtu wa kukandamiza viduara, ndo maana kuna njia nyingi na kila moja ina ugonjwa wake. Kampuni ya FMC ya Marekani ilitengeneza unga wa lithiamu uliofunikwa ganda jembamba la lithiamu kaboneti usishambuliwe na hewa haraka, unanyunyiza kwenye anodi, unapitisha kwenye rola, ganda linapasuka, lithiamu inaanza kazi. Nzuri, ila unga wa lithiamu ukiruka hewani hutaki kuwa hapo jirani. Wengine wanachovya anodi kwenye mchuzi wa kikemia uliobeba lithiamu. Wengine wanaacha anodi wanakwenda upande wa pili kabisa, wanachanganya kwenye kathodi unga unaotoa lithiamu nyingi mara moja tu afu unakufa, kama Li5FeO4, ambayo gramu yake kwa hesabu za kitabuni ina mAh 867. Hii ya mwisho ndo ninayoipenda kwa sababu haihitaji kubadili mashine za kiwanda, ni kiungo cha ziada tu kwenye uji, ingawa inaacha takataka zake ndani na inatoa oksijeni ambayo lazima itolewe pamoja na ile gesi nyingine. Na kuna vifaa ambavyo bila kutanguliza haviwi kabisa, zile kapasita za lithiamu zilizoanza kutengenezwa Japani, upande wake wa kathodi ni kaboni tu haina lithiamu hata chembe, kwa hiyo yote lazima itangulizwe.

Sasa hapa ndo natofautiana na watu wengi wanaoshabikia hii teknolojia mtandaoni, maana kila mwezi naona mtu kaandika kutanguliza lithiamu kunarefusha maisha ya betri, basi, kama vile ni dawa. Nyie, pigeni hesabu.

Kila ukichaji na kutumia, ukoko unaongezeka kidogo na unakula kidogo. Tuseme kila mzunguko kati ya lithiamu 1000 zilizokwenda zinarudi 999. Asilimia 99.9. Darasani hiyo ni alama ya A, mzazi anachinja kuku. Kwenye betri ni msiba: baada ya mizunguko 1000 umebaki na asilimia 37. Ikiwa 99.99, baada ya mizunguko 1000 umebaki na 90. Tofauti ni hiyo tisa moja tu ya mwisho. Boda anayechaji mara moja kwa siku mizunguko 1000 anaimaliza kabla ya miaka mitatu, anayechaji mara mbili haimalizi hata mwaka na nusu.

Haya, sasa mpe kibaba cha asilimia 10 ya ziada. Kwenye seli ya 99.9 inayokula sehemu moja ya elfu kila siku, kibaba kimeisha baada ya siku 100 hivi, miezi mitatu na ushee, afu unarudi pale pale. Kwenye seli ya 99.99 kibaba hicho hicho kinafika karibu siku 1000. Lithiamu ile ile, gharama ile ile, moja inakufikisha mfungo ujao, nyingine inakufikisha mtoto anaanza chekechea. Na kinachoamua uko kwenye seli ipi ni elektrolaiti. Kutanguliza lithiamu ni mtaji, elektrolaiti ni matumizi ya nyumbani. Unaweza kumpa mtu mtaji mkubwa kiasi gani sijui, kama nyumbani hela inapita kwenye kochi, duka litafungwa tu.

Mama mkubwa alilijua hili bila desimali. Kuna mwezi alinunua mafuta ya bei rahisi, ya kupima kwenye dumu, yanatoa povu na harufu. Chuma kikawa kinakula mpaka mzunguko wa tano, wa sita, katikati ya kazi kinaanza tena kugandisha. Akaongeza kibaba kikawa viwili, akaongeza vitatu. Wiki ya pili akamwaga yale mafuta.

Elektrolaiti ya kawaida ni chumvi ya LiPF6 iliyoyeyushwa kwenye mchanganyiko wa kaboneti za kikaboni. Ukishawahi kufungua simu yenye betri iliyovimba ukasikia harufu tamutamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, ndo hizo kaboneti (na tafadhali ukiisikia toka nje, usiinamie uinuse vizuri kama nilivyofanya mimi mwaka wangu wa kwanza). Kuna mbili zinazofanana kama mapacha, propileni kaboneti na ethileni kaboneti, tofauti yake ni kipande kimoja kidogo cha kaboni na haidrojeni tatu. Propileni ni kimiminika safi hata kwenye baridi. Ethileni inaganda chini ya nyuzi 36, kule Ujerumani chupa yake ilikuwa jiwe, unaipasha kwanza, kama mafuta ya nazi ukiyapeleka Lushoto mwezi wa saba. Mtu yeyote mwenye akili angechagua propileni, na kweli wakaichagua, na kinywe kikawagomea. Propileni inaingia na lithiamu katikati ya karatasi za kinywe na kukichambua kama vitunguu, ukoko hausimami.

Ndo maana Rachid Yazami, Mmoroko mzaliwa wa Fez, alipoonyesha akiwa Grenoble mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lithiamu inaingia na kutoka kwenye kinywe, alitumia elektrolaiti ngumu ya polima, vimiminika vya wakati ule vilikuwa vinakiua. Akapewa tuzo ya uhandisi ya Draper mwaka 2014 pamoja na Goodenough, Nishi na Yoshino. Nobeli ya 2019 wakapewa Goodenough, Whittingham na Yoshino, yeye hakuwemo, na mimi bado nimenuna kwa niaba yake. Sony walipoingiza betri sokoni mwaka 1991 anodi yao ilikuwa kaboni aina ya koki, siyo kinywe. Mwaka mmoja kabla ya hapo huko Kanada Jeff Dahn na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ile ethileni inayoganda, pacha aliyeachwa, ndo inayojenga ukoko unaosimama. Miaka na miaka ya watu kuhangaika, na jibu lilikuwa kwenye kubadilisha mafuta. Huyo Dahn baadaye akiwa Chuo Kikuu cha Dalhousie ndo akajenga mashine za kupima hizo tisa za mwisho kwa usahihi wa kutisha, ili usisubiri miaka mitatu kujua elektrolaiti hii inafaa au ni hadithi.

Juu ya hapo kuna viungo. Asilimia 1 au 2 ya vinileni kaboneti, VC, inatosha kubadilisha tabia ya ukoko wa kinywe, unakuwa mwembamba unaostahimili. Kwa silikoni watu wanatumia FEC, kaboneti nyingine yenye florini, ambayo inajenga ukoko wenye lithiamu floridi nyingi na inakuwa kama fundi wa zamu, ukoko ukipasuka yeye ndo anaziba. Tatizo ni kwamba anaziba kwa kujitoa mwili wake mwenyewe. FEC inapungua kila siku, grafu yako inashuka polepole unafurahi, afu siku FEC inaisha betri inaanguka kama imekatwa kamba. Nimeliona hili kwenye seli zangu na ndo kitu kilichonifanya nisiamini tena grafu ya mizunguko 200. Ukinionyesha grafu inayoishia 200 nitakuuliza ya 201 iko wapi.

Na joto jamani. Ile LiPF6 haipendi maji wala haipendi joto. Maji kidogo tu yakiingia inazaa asidi ya haidrofloriki, hii ndo inayokula kioo, na kwenye seli inang'oa chuma au manganizi kutoka kwenye kathodi, vinasafiri mpaka anodi vinaharibu ukoko. Ndo maana elektrolaiti nzuri inatakiwa isizidi maji sehemu 20 katika milioni, na vyumba vya kuundia seli vimekaushwa mpaka umande haufanyiki hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Sasa chukua hiyo seli iliyozaliwa kwenye ukame wa namna hiyo, iweke chini ya kiti cha boda, boksi jeusi, Februari, Dar, saa nane mchana, imetoka kupandisha mlima na abiria wawili na gunia la mkaa, na moja kwa moja ichomekwe kwenye chaja. Wakemia wana kanuni yao ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka mwendo wa kuharibika unakuwa kama mara mbili. FEC nayo kwenye joto kali na hiyo chumvi inatoa gesi, kwa hiyo kile kinachookoa silikoni kwenye maabara yenye kiyoyozi kinaweza kuvimbisha seli yako hapa. Kuna chumvi nyingine, LiFSI, inavumilia joto na maji kuliko LiPF6, volti zikipanda sana inashambulia karatasi ya alumini inayobeba kathodi, ila watu wanaichanganya nusu kwa nusu au robo na mambo yanakwenda. Mimi kwa hali ya hewa ya huku ningeanza kulipia hapo kabla sijalipia lithiamu ya ziada.

Lakini sitaki mtu aseme nimepinga kutanguliza lithiamu, sijapinga, kuna pahala panastahili, na hapa kuna kitu ambacho wauzaji hawakuambii. Kathodi ya nikeli na kobalti yenyewe ina kasoro yake ya mzunguko wa kwanza, kama asilimia 10 hivi ya lithiamu ikitoka haipati njia ya kurudi vizuri. Kwa hiyo ukiioanisha na kinywe, hasara ya kinywe inajificha ndani ya hasara ya kathodi, hata ukitanguliza unapata kidogo sana maana hiyo lithiamu uliyookoa haina pa kukaa ikirudi. LFP siyo hivyo. LFP karibu yote iliyotoa inaweza kuipokea tena, kwa hiyo kila kinachoibwa na ukoko unakiona waziwazi kwenye kilomita zako. Ndo maana kutanguliza kuna maana kubwa kwenye LFP, na kwenye silikoni ya aina yoyote, na betri nyingi za boda ninazofungua ni LFP. Elektrolaiti nzuri kwanza, kibaba baadaye, na hapo ile hesabu ya siku 1000 inakuja upande wako.

Kuna kitu kinaniuma kidogo kwenye hili, niseme tu. Lithiamu iko Manono, mkoa wa Tanganyika kule Kongo ambako sokoni unaongea Kiswahili. Kobalti na shaba ziko Kolwezi, Kiswahili tena. Kinywe kiko Lindi na Morogoro. Madini ya kuundia betri yamelala kwa watu ambao nikiwapigia simu tunaelewana bila mkalimani, na neno la Kiswahili la ukoko unaokula lithiamu ya mtu wa Mbagala imebidi nilikope jikoni kwa mama mkubwa.

Basi turudi kwa kijana. Betri yake siwezi kuirudishia lithiamu, hakuna sindano ya hivyo, anayekwambia anafufua seli za LFP kwa kuzishtua na chaja kubwa anakula hela yako. Nilichofanya nimepanga upya seli zake, nimetoa tatu dhaifu kuliko zote, nimeweka mwanya wa hewa kati ya boksi na sahani ya mota, na nimemwambia akirudi mchana aiache nusu saa kivulini ndo achomeke. Kuhusu seli mpya, mwaka jana nilipigwa na muuzaji mmoja mjini, boksi limeandikwa maisha mizunguko 2000, elektrolaiti maalum, kila neno zuri lilikuwemo, nikachukua mzigo wa nguvu. Nilipoomba karatasi za vipimo, zote zilikuwa za nyuzi 25. Nyuzi 25 Dar ni alfajiri, siyo saa nane mchana ya Februari. Siku hizi swali langu la kwanza kwa muuzaji siyo bei, namuuliza nionyeshe vipimo vya nyuzi 45, zaidi ya mizunguko 500. Wengi wananyamaza. Wawili wametuma.

Seli za hao wawili nimezifungia juu ya dari ya banda langu chini ya bati, mbili za huyu mbili za yule, pamoja na kipimajoto, zinachajiwa na kushushwa kila siku na kimashine changu nilichokiunga mwenyewe. Mchana kipimajoto kinapanda mpaka 47. Mpaka jana walikuwa mzunguko wa 312 na bado wanakwenda sambamba, tofauti ni ya kutafuta kwa tochi. Kijana wa boda akija anapanda kwenye stuli anachungulia, ananiuliza nani anaongoza.